Mionzi, tumbaku, nguruwe na kihenge cha Lagangabilili

Najua nimekuwa kimya. Ilikuwa msimu wa testi, msuli umepigwa mpaka usiku wa manane, bumu nalo likachelewa, basi nguvu ya kuandika sikuwa nayo. Sasa nimerudi, na leo sina umbea wa bwenini. Leo ni historia.

Mada yenyewe ni jinsi wanasayansi walivyoanza kuhifadhi chakula kwa mionzi. Nimegundua kila ikiibuka hapa kampasi watu wanagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema hiyo ni sumu, ukila utawaka gizani kama kimulimuli. Kundi la pili, hasa wana wa fizikia, linasema hiyo ndiyo dawa ya njaa Afrika na tunacheleweshwa na ushamba wetu tu. Mimi nimeifuatilia habari hii kuanzia mwanzo wake, na naona makundi yote mawili yanaruka swali moja: wale waliofanya utafiti wa mwanzo walikuwa wanatatua shida ya nani? Ukilifuata swali hilo mwaka kwa mwaka utaelewa kwa nini sayansi yenye umri wa zaidi ya miaka 100 bado haijafika kwenye kihenge cha bibi yangu kule Lagangabilili.

Kwa wasiokujua, Lagangabilili ndiyo makao makuu ya wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012 sisi tulikuwa Bariadi, mkoa wa Shinyanga, na wazee wengine hadi leo wakiulizwa kwao wanajibu Bariadi. Tunalima pamba, mahindi, mtama, dengu, choroko na viazi vitamu. Kulima si shida sana mvua ikiwepo. Kazi ipo kwenye kukitunza ulichovuna mpaka mvua nyingine. Viazi vitamu wazee walishavipatia jibu zamani: unavikata vibichi na kuvianika unapata michembe, au unavichemsha kwanza kisha unavianika unapata matobolwa. Vikikauka vizuri vinakaa miezi. Mahindi na choroko ndiyo mtihani, maana humo wadudu wanaingia.

MIONZI INAFANYA NINI HASA?

Tuanze na hili ili tusibishane bure. Jua linapokausha michembe linaondoa maji, na bila maji bakteria na ukungu hawaendi popote. Eksirei na miale ya gamma hazikaushi kitu. Zinapenya ndani ya chakula na kuvunjavunja vitu vidogo sana, hasa DNA, yaani yale maelekezo ya uhai yaliyomo ndani ya kila seli. Bakteria asiye na maelekezo mazima hawezi kuzaliana. Yai la mdudu haliwi funza. Jicho la kiazi haliwi chipukizi.

Kipimo chake kinaitwa gray, na kwenye chakula watu hutumia kilogray, yaani gray 1,000. Kuzuia viazi mviringo visichipue inatosha chini ya kilogray 0.15. Wadudu wa nafaka wanakuwa tasa au wanakufa kwa chini ya kilogray 1. Kupunguza bakteria wa magonjwa kwenye nyama au viungo inahitaji kama kilogray 1 hadi 10. Na hiyo 10 ni nishati ndogo sana kijoto: ingepasha maji kwa nyuzi 2.4 tu. Ndiyo maana zamani wengine waliita njia hii kuua vijidudu kwa ubaridi.

Je, chakula kinabaki na mionzi? Ukimulika ugali kwa tochi, ukazima tochi, ugali haubaki unawaka. Kwa miale ya gamma ya kobalti-60 ni hivyohivyo, haina nishati ya kugeuza chakula kuwa kitu chenye mionzi. Kwa mashine kubwa kuna ukomo wa nishati uliowekwa kimataifa ili jambo hilo lisitokee. Chakula kilichochafuliwa na vumbi la nyuklia, kama baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, hicho ni kesi nyingine kabisa. Hapo kitu chenye mionzi kimeingia ndani ya chakula chenyewe. Tume yetu ya Nguvu za Atomiki pale Arusha inapima shehena za vyakula kutafuta uchafu wa namna hiyo. Tusichanganye mafaili.

MIAKA KUMI YA MOTO, 1895 HADI 1905

Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei kule Würzburg, Ujerumani. Mwaka uliofuata Henri Becquerel akagundua kwamba urani inatoa miale yenyewe bila kuchokozwa. Mwaka huohuo wa 1896, Franz Minck wa Munich akachapisha makala akiuliza eksirei inawafanya nini bakteria na kama inaweza kutumika kutibu. Hebu fikiria: hata mwaka haujaisha tangu eksirei ijulikane, mtu tayari anauliza swali la kuua vijidudu! Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza radiamu.

Mwaka 1904 mwalimu wa chuo cha MIT kule Marekani, Samuel Prescott, alichapisha majaribio yake ya miale ya radiamu juu ya bakteria wa utumbo, bakteria wa dondakoo na hamira. Huyu Prescott si wa kupita tu. Miaka michache kabla, akiwa na William Underwood wa familia ya wafanyabiashara wa vyakula vya makopo, ndiye aliyeeleza kisayansi kwa nini makopo yanaharibika na yachemshwe muda gani. Kwa hiyo mtu wa makopo ndiye aliyeshika radiamu, na swali lake lilikuwa lilelile: nitamuuaje mdudu huyu bila kuharibu chakula?

Halafu inakuja ile iliyonifanya niandike yote haya. Mwaka 1905 Waingereza wawili, J. Appleby na A.J. Banks, waliomba hataza (yaani haki ya mvumbuzi) ya kutumia miale ya vitu vyenye mionzi kuboresha chakula, HASA NAFAKA na mazao yake, ili kikae muda mrefu. Walisifia kwamba njia yao haiweki kemikali yoyote. Zama hizo lilikuwa jambo kubwa, maana maziwa yalikuwa yanatiwa formalini na nyama inatiwa boraksi ili zisionekane zimeoza. Kwa hiyo wazo la mionzi kwenye chakula lilikuja kama wazo la usafi, na lilianza na nafaka. Yaani mtu wa kwanza kutajwa kwenye foleni alikuwa mwenye gunia, na ndiye mpaka leo hajahudumiwa.

Kwa nini halikufanya kazi? Radiamu. Mwaka 1902 Marie Curie alifanikiwa kupata sehemu ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu baada ya kuchakata tani za mabaki ya madini. Kwa uhaba huo nani atamulika mahindi? Hataza ya Appleby na Banks ilibaki kwenye karatasi. Sayansi ilikuwapo, chombo hakikuwapo.

MWENYE PESA NDIYE ANAYEULIZA SWALI

Chombo kilianza kupatikana mwaka 1913, William Coolidge wa Marekani alipotengeneza aina mpya ya tyubu ya eksirei yenye nguvu na ya kutegemewa. Na nani aliikimbilia kwa ajili ya wadudu wa ghalani? Si mkulima wa mtama. Ni biashara ya tumbaku.

Kuna mbawakawa mdogo anayekula majani makavu ya tumbaku na kutoboa sigara ndani ya boksi. Mwaka 1916 mtafiti wa wadudu wa Marekani, G.A. Runner, alichapisha matokeo ya kumpiga mdudu huyo eksirei. Aligundua kwamba hata pale mbawakawa mkubwa alipoendelea kuishi, mayai aliyotaga hayakuangua. Shika hapo kwenye mayai, tutarudi. Baadaye mashine ya kazi hiyo ilijaribiwa kwenye biashara, lakini tyubu za zama zile hazikuhimili kufanya kazi mfululizo siku nzima, jambo likafa.

Mwaka 1921 zamu ilikuwa ya nguruwe. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na trikinela, mnyoo unaojificha kwenye misuli. Benjamin Schwartz wa wizara ya kilimo ya Marekani alionyesha kwamba eksirei inaufanya mnyoo huo usiweze kukua na kuzaa ndani ya mtu aliyekula. Tena ni habari ileile ya uzazi. Mwaka 1930 O. Wüst akapata hataza Ufaransa ya kufunga chakula ndani ya chombo cha chuma kisha kukipiga eksirei kali iue bakteria wote. Hiyo nayo ilibaki karatasi, maana umeme na mashine vilikuwa ghali kuliko chakula chenyewe.

Ukipanga orodha unaona tumbaku, nguruwe, makopo. Zilikuwa shida za kweli, sikatai. Ila zilikuwa shida za watu wenye maabara.

JESHI LINAINGIA

Vita ya Pili ya Dunia ilibadilisha mambo. Pale MIT, Bernard Proctor, ambaye mwaka 1937 alikuwa ameandika kitabu cha teknolojia ya chakula pamoja na yule yule Prescott wa radiamu, alishirikiana na mwanafizikia Robert Van de Graaff. Mwaka 1943 walitoa matokeo kwamba eksirei kali inapunguza sana bakteria kwenye nyama ya kusaga. Mteja alikuwa wazi: askari aliye mbali, asiye na friji.

Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower alihutubia Umoja wa Mataifa kuhusu atomu kwa ajili ya amani. Baada ya Hiroshima na Nagasaki serikali zenye vinu zilitaka sana kuonyesha kwamba atomu inaweza pia kulisha na kutibu. Hapo pesa ikamwagika. Vinu vya nyuklia viliweza kutengeneza kobalti-60 kwa wingi, na kikwazo cha radiamu kikaondoka. Jeshi la Marekani lilianza mpango mkubwa wa utafiti, na kuanzia mwaka 1962 likawa na maabara yake ya chakula cha mionzi kule Natick, Massachusetts. Lilitaka nyama inayokaa miaka bila friji. Hiyo inahitaji dozi kubwa, zaidi ya kilogray 25, na mwanzoni nyama ilitoka na harufu mbaya. Dawa ikapatikana: igandishe kwanza, toa hewa, ndipo uipige. Mwaka 1972 wanaanga wa Apollo 17 walikwenda mwezini na nyama ya nguruwe iliyopitia njia hiyo. Nguruwe wa kimionzi amefika mwezini, kihenge cha Itilima bado, hehehe.

Wengine nao hawakulala. Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kiwanda kimoja cha Stuttgart kilianza kupiga mionzi viungo vya kutengenezea soseji, na mwaka 1959 kikalazimika kuacha baada ya sheria kupiga marufuku. Urusi ya Kisovieti iliruhusu viazi mwaka 1958 na nafaka mwaka 1959. Canada iliruhusu viazi mwaka 1960. Japani ilifungua kituo cha viazi kule Shihoro, Hokkaido, mwaka 1974. Na mwaka 1963 Marekani iliruhusu ngano na unga wake. Appleby na Banks wangefurahi, ilichukua miaka 58 tu.

USHAHIDI ULIPOYUMBA

Sasa ndugu zangu wa kundi la pili, wale wa "watu ni washamba tu", msikilize hapa.

Mwaka 1958 sheria ya Marekani iliamua mionzi ihesabiwe kama kitu kilichoongezwa kwenye chakula. Maana yake kila chakula kithibitishwe kwa kulisha wanyama kwanza. Mwaka 1963 nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi ya makopo, ile bekoni, iliruhusiwa kwa ushahidi wa jeshi. Mwaka 1968 ruhusa ikafutwa. Wakaguzi walirudi kwenye takwimu za wanyama waliolishwa wakaona kazi haikufanywa kwa kiwango kinachotosha kuthibitisha usalama. Haikuthibitika kwamba bekoni ile ni sumu. Kilichoonekana ni kwamba ushahidi wa usalama wake ulikuwa mbovu. Kwa mwananchi hiyo tofauti haipo: jana mliniambia salama, leo mmefuta, kesho mtaniambia nini? Kosa la watu wachache maabara likachoma miaka ya kazi ya wengine wote.

Kisha India, 1975. Hii inanigusa kuliko zote. Watafiti wa taasisi ya taifa ya lishe pale Hyderabad walichukua watoto 15 wenye utapiamlo mkali, makundi matatu ya watano. Kundi moja lililishwa ngano ya kawaida, lingine ngano iliyotoka kupigwa mionzi, lingine ngano ya mionzi iliyokaa ghalani. Wakaripoti kwamba kundi la ngano ya mionzi mbichi lilionyesha baadhi ya seli za damu zenye kromosomu kuzidi kawaida. Ripoti ikazunguka dunia. Serikali ya India iliunda kamati, nayo mwaka 1976 ikasema takwimu haziungi mkono hitimisho lile. Watoto ni wachache mno, seli zilizohesabiwa ni chache mno.

Ukiniuliza mimi, hapo kuna mambo mawili ya kukataa kwa pamoja. La kwanza, utafiti ule haukuthibitisha kwamba ngano ya mionzi inadhuru. La pili, kuwajaribia watoto wenye njaa, ambao hawana pa kukataa, lilikuwa jambo la kukosesha usingizi. Utafiti huu wa kutafuta kwa nini uaminiwe ulifika kwa maskini kwa mara ya kwanza ukiwa na sindano ya damu mkononi. Tukisema "watu wanaogopa bure" tunasahau hilo.

Ili kumaliza ubishi, kuanzia 1970 hadi 1982 nchi zaidi ya 20 zilichangia mradi mmoja wa pamoja wenye makao Karlsruhe, Ujerumani Magharibi, kazi yake ikiwa kupima usalama tu. Mwaka 1980 wataalamu wa FAO, WHO na Shirika la Nguvu za Atomiki walikutana Geneva wakasema chakula chochote kilichopigwa mpaka wastani wa kilogray 10 hakina hatari ya sumu. Mwaka 1983 ikawa kanuni ya kimataifa. Kwa hiyo kundi la kwanza, habari ya kuwaka kama kimulimuli tuifunge rasmi leo.

HUKU KWETU: UTASA ULIANZA SHINYANGA

Nilisema tutarudi kwenye mayai yasiyoangua. Hapa historia inaingia mkoa wetu wa zamani kabisa.

Wakati wa mkoloni, Shinyanga ndiyo ilikuwa kitovu cha utafiti wa mbung'o Tanganyika, chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kuna mbung'o wa huku anaitwa kwa jina lake hadi leo, Glossina swynnertoni. Miaka ya 1940 mtafiti F.L. Vanderplank aligundua kwamba mbung'o huyo akipandana na jamaa yake Glossina morsitans, uzao unaharibika. Akaenda mbele: akawaachia morsitans kwa wingi kwenye eneo la swynnertoni huko kaskazini magharibi mwa Tanganyika, na wenyeji wakapungua sana. Kumbuka hakutumia mionzi. Alitumia ndoa isiyo na watoto.

Upande wa pili wa dunia, Hermann Muller alikuwa ameonyesha mwaka 1927 kwamba eksirei inabadilisha vinasaba vya nzi wa matunda. Edward Knipling wa Marekani akaunganisha mambo: tuzalishe nzi madume kwa mamilioni, tuwafanye tasa kwa mionzi, tuwaachie. Mwaka 1954 njia hiyo ikammaliza nzi wa vidonda kwenye kisiwa cha Curaçao. Na mwaka 1994 ikaja Unguja. Mbung'o walizalishwa kwa wingi kwenye taasisi ya utafiti Tanga, madume wakapigwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa huru. Ng'ombe wa Unguja walipona kwa elimu ileile aliyoiona Runner kwenye mbawakawa wa tumbaku mwaka 1916.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia mionzi haiwezi kumsaidia mkulima wa Kiafrika. Imeshamsaidia. Swali ni kwa nini kule imeweza na kwenye kihenge haijaweza.

DUMUZI NA KIHENGE

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tabora mgeni kutoka Amerika ya Kati, mbawakawa anayetoboa mahindi mpaka yanageuka unga. Tabora ndipo alipoonekana kwanza Afrika nzima. Wakulima walimpa jina dumuzi, na wengine wakamwita Scania, kama yale malori, kwa jinsi anavyosomba. Usukumani tunamjua vizuri. Unaweza kufungua gunia ukakuta umbo la mahindi lipo, ndani ni vumbi. Serikali ilihimiza watu wapukuchue mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga. Inasaidia, ila dawa ni pesa, na dawa feki nazo zipo.

Mionzi inammaliza dumuzi? Ndiyo, kirahisi, chini ya kilogray 1. Sasa tazama pale ilipofanya kazi kwa nafaka. Mwaka 1980 bandari ya Odessa, Ukraine, ndani ya Urusi ya Kisovieti ya wakati ule, iliweka mashine mbili za elektroni, kila moja na uwezo wa tani 200 kwa saa. Nafaka iliyotoka nje ya nchi ilipita mdomo mmoja, ikapigwa, ikasonga mbele. Ndipo mahali pake hasa: mzigo mkubwa, mlango mmoja, umeme usiokatika.

Lagangabilili hakuna mlango mmoja. Kuna vihenge na magunia kwenye kila kaya, gunia nane hapa, gunia tatu pale. Nani ayabebe mpaka kwenye mashine, kwa nauli ya nani? Tuseme umeyabeba. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima: mionzi haiachi kitu ndani ya chakula. Hiyo ndiyo sifa waliyoitangaza Appleby na Banks mwaka 1905, na kwa bibi yangu hiyo ndiyo kasoro yake. Gunia likirudi nyumbani likiwa safi, dumuzi wa jirani anaingia usiku uleule, na hakuna kitu cha kumzuia. Unguja ilifaulu kwa sababu ni kisiwa na mbung'o mpya hakuwa na pa kutokea. Kihenge si kisiwa.

Linganisha na mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu. Wazo lake lilitoka Cameroon, miaka ya 1980, watafiti walipokwenda kuuliza kwa nini kunde za wakulima wadogo zinaisha na wadudu. Unafunga vizuri, wadudu waliomo wanamaliza hewa yao wenyewe, wanakufa, na wengine hawaingii kirahisi. Haina kinu, haina umeme, na ulinzi unabaki hapohapo gunia lilipo. Si sayansi kubwa kuliko ya mionzi. Tofauti ni kwamba utafiti huu ulianza kwa kuangalia ghala la mkulima mdogo, ule mwingine ulianza kwa kuangalia boksi la sigara na mgongo wa askari.

Sisemi mionzi tuitupe. Viungo, matunda ya kwenda nje, shehena za bandarini, huko ina nafasi yake na dunia inaitumia. India ilianza kupeleka maembe yaliyopigwa mionzi Marekani mwaka 2007 kwa sababu soko lile lilidai mdudu asivuke. Sisi tuna viungo Zanzibar na maembe bara, kwa hiyo siku moja mjadala huo utatufikia rasmi, na itakuwa aibu wasomi tukiingia na hadithi za kimulimuli.

Ninachowaomba wana wa sayansi mnaohangaika kutafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho ni kimoja. Kabla ya kuuliza chombo hiki kitatumikaje Afrika, nendeni mkakae kwenye kihenge kwanza, muone mdudu anaingilia wapi, mwezi gani, na mwenye kihenge ana shilingi ngapi mfukoni mwezi huo. Swali likianzia pale, jibu linaweza kuwa mionzi, mfuko, au hata michembe.

Haya, nakimbilia maktaba kabla viti havijaisha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongea habari ya pamba na bei zake.